Samaki wa Maji Chumvi Wanapokufa Ghafla: Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kumwaga Dawa

Msiba huu huwakuta wafugaji wengi alfajiri. Usiku uliwaacha samaki wakiogelea na kula vizuri. Asubuhi unawasha taa na kukuta wawili wamelala ubavu juu ya mchanga, na wa tatu anahema kwa kasi karibu na uso wa maji. Wengi wetu hapo hukimbilia chupa ya dawa. Nimetunza tangi la lita 240 sebuleni kwangu Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na nakiri kwamba dawa nilizomwaga kabla ya kujua chanzo zimeniulia samaki wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Tangi lenye vifo vya ghafla husomwa kwanza: nani amekufa, amekufa saa ngapi, nani amebaki hai, na ni kitu gani kilibadilika katika siku mbili zilizotangulia. Majibu ya maswali hayo, yakiongezewa vipimo vichache, mara nyingi hutosha kutofautisha ukosefu wa hewa, sumu na ugonjwa, mambo matatu ambayo tiba zake hazifanani na wakati mwingine hupingana.

Nusu saa ya kwanza

Anza na hewa, kwa kuwa hata ukiwa umekosea chanzo, hewa haimdhuru samaki. Elekeza mdomo wa pampu ya maji juu ili uso wa maji utikisike, washa pampu ya hewa, ondoa kifuniko cha tangi na ufungue madirisha. Oksijeni huingia ndani ya maji kupitia usoni. Mapovu husaidia zaidi kwa sababu yanautikisa uso huo. Kama umeme haupo, chota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina kutoka juu kwa dakika chache, pumzika, kisha rudia. Kazi hiyo inachosha mkono, lakini imewahi kunivusha saa mbili nzima bila kupoteza samaki hata mmoja.

Baada ya hapo toa mizoga yote na uwahesabu samaki wako mmoja mmoja, pamoja na kuangalia nyuma ya mawe, kwa maana mzoga usioonekana huendelea kuoza na kuongeza sumu. Kama samaki amekufa muda mfupi tu uliopita, inua kifuniko cha matamvua na uangalie rangi. Matamvua ya samaki mwenye afya ni mekundu. Yakiwa yamepauka na kufunikwa na utelezi mwingi, weka akilini kwamba huenda kuna vimelea. Ukaguzi huo hauna thamani kwa mzoga uliolala majini usiku kucha, kwa sababu matamvua hupauka upesi baada ya kifo.

Kabla hujabadilisha tone lolote la maji, chota lita moja uiweke katika chupa safi, kisha pima joto, chumvi, pH (kipimo cha uasidi wa maji) na amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki). Joto linafaa kuwa kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, chumvi karibu gramu 35 kwa kila lita, yaani 1.025 au 1.026 katika haidromita (kifaa cha kupimia chumvi), pH kati ya 8.1 na 8.4, na amonia sifuri kabisa. Haidromita za plastiki zenye mshale hudanganywa na kipovu kimoja tu cha hewa kilichogandama kwenye mshale. Igongegonge kwa kidole kabla ya kusoma, au tumia rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa mwanga, iliyosahihishwa kwa maji yenye kiwango cha chumvi kinachojulikana. Usiwalishe samaki siku hiyo. Samaki mzima haumizwi na siku moja ya njaa, lakini chakula kisicholiwa huoza.

Waliobaki hai ni mashahidi

Watazame kamba, konokono na kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe. Viumbe hao hawashikwi na vimelea vya samaki, lakini huathirika haraka sana na shaba na dawa za wadudu. Kwa hiyo samaki wakifa mmoja baada ya mwingine huku kamba wakiendelea kutembea juu ya mawe kana kwamba hakuna lililotokea, shaka ya kwanza iwe ugonjwa. Kamba wakifa kwanza, au wakifa pamoja na samaki katika muda wa saa chache, fikiria sumu iliyoingia kutoka nje.

Ukubwa wa waliokufa nao una maana. Hewa ikipungua, mara nyingi hutangulia samaki wakubwa na wenye mwendo mwingi, kwa sababu miili yao huhitaji oksijeni nyingi zaidi, huku wadogo wakining'inia usoni wakitafuta maji yaliyogusa hewa. Kama aliyekufa ni mmoja tu, tena ndiye aliyeletwa juzi, usilitibu tangi zima. Chunguza namna alivyovuliwa, alivyosafirishwa na alivyohamishiwa majini.

Saa ya kifo ni shahidi mwingine. Vifo vya karibu na mapambazuko huelekeza kwenye upungufu wa oksijeni, kwa kuwa mchana mwani hutoa oksijeni lakini usiku huitumia pamoja na samaki na bakteria, na akiba huwa ndogo zaidi kabla tu ya jua kuchomoza. Vifo vya dakika chache baada ya mtu kufanya jambo fulani, kama vile kusafisha, kupuliza dawa, kuongeza maji au kuchimbua mchanga, karibu kila mara husababishwa na jambo hilo.

Hewa, joto na umeme

Katika miji yetu ya pwani, hapa ndipo ninapoanza kutafuta. Maji chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi: katika nyuzi 25, lita moja ya maji ya bahari hushika takriban miligramu 6.7 za oksijeni, wakati maji baridi hushika takriban 8.2. Joto likipanda hadi nyuzi 30, maji ya bahari hubaki na kama 6.2 tu, na wakati huohuo mwili wa samaki unadai oksijeni zaidi kwa sababu joto limeuharakisha. Januari na Februari, chumba kisicho na kiyoyozi jijini Dar es Salaam au Mombasa hufikia joto hilo kwa urahisi, kwa hiyo tangi lililojaa samaki linaishi ukingoni hata kabla umeme haujakatika.

Umeme ukikatika saa nne usiku na kurudi alfajiri, yanatokea mambo mawili, na la pili halijulikani sana. La kwanza ni kwamba uso wa maji unatulia na oksijeni inapungua. La pili linahusu kichujio cha kopo, kile kinachokaa chini ya meza na kufungwa kwa mfuniko: maji yaliyonaswa ndani yake huishiwa oksijeni kabla ya maji ya tangi, bakteria wanaosafisha amonia hufa, na uchafu huanza kuoza mahali pasipo na hewa. Umeme unaporudi, pampu huyasukuma maji hayo machafu moja kwa moja kwenye tangi, na samaki waliookoka gizani huanza kufa baada ya taa kuwaka. Kama umeme umekosekana kwa saa kadhaa, chomoa kichujio hicho ukutani, umwage maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi yaliyochotwa kwenye ndoo, ndipo ukiwashe. Ukiwa hupo nyumbani usiku, kiache kwenye soketi tofauti ambayo mtu wa nyumbani ataiwasha kwa mkono.

Pampu ndogo ya hewa yenye betri, inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika, ni kifaa cha bei ndogo kuliko samaki mmoja wa kuvutia, na ndicho ningekinunua kabla ya taa za kupendeza. Dhidi ya joto, feni ya mezani inayopuliza juu ya uso wa maji hupunguza nyuzi moja au mbili, na chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa vizuri, inaweza kuelea ndani ya tangi kwa muda mfupi. Shusha joto polepole, nyuzi moja kwa saa. Feni hukausha maji haraka, na hapa wageni wa kazi hii hukosea: maji huondoka kama mvuke lakini chumvi hubaki, hivyo pengo hujazwa kwa maji baridi yasiyo na klorini. Anayejaza pengo hilo kwa maji ya bahari anapandisha chumvi kila wiki bila kujua. Angalia pia hita kama unayo: hita iliyogoma kuzimika hupika tangi kwa usiku mmoja, na yenye kioo kilichopasuka huweka umeme majini, kwa hiyo chomoa vifaa vyote ukutani kabla hujatumbukiza mkono.

Amonia

Amonia hutokana na kinyesi, mkojo, chakula kilichobaki na mizoga. Katika tangi lililokomaa, bakteria huigeuza kuwa naitraiti na kisha naitreti; tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla bakteria hao hawajatosha. Sehemu kubwa ya vifo vya mwezi wa kwanza husababishwa na mwenye tangi kutosubiri. Mfugaji aliyezoea samaki wa maji baridi ajue kwamba makadirio yake hayatamsaidia hapa: kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile yenye sumu, na katika pH ya 8.2 sehemu hiyo ni zaidi ya mara kumi ya ile inayopatikana katika pH ya 7. Kipimo ambacho samaki wa maji baridi angekivumilia kinaweza kumchoma matamvua samaki wa baharini.

Kipimo kikionyesha miligramu 0.25 kwa lita au zaidi, badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji kwa maji mapya yenye joto na chumvi ileile, pima tena baada ya saa chache, na urudie ikibidi. Naitraiti katika maji chumvi haitishi kiasi hicho, kwa kuwa kloridi iliyo nyingi katika maji hayo huizuia isiingie sana kwenye damu ya samaki.

Sumu inayoingia kwa mlango wa sebule

Dawa nyingi za kupuliza mbu na mende ni za jamii ya pairethroidi, kemikali zilizoigwa kutoka ua la pareto linalolimwa Kenya na katika nyanda za juu za Tanzania. Sifa yake kwa binadamu ni kwamba mwili wetu huivunjavunja haraka. Samaki hana uwezo huo, na kamba ni dhaifu zaidi. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuipuliza majini saa 24, hivyo anayepuliza dawa sebuleni anakuwa ameiingiza kwenye tangi bila kulikaribia. Kwangu ilitokea jioni moja nilipokuwa safarini: mgeni alipulizia mende jikoni, mlango ukiwa wazi, na usiku uleule kamba wote walikuwa wamepinduka, samaki wakizunguka kwa kifafa. Tangu hapo nyumbani kwetu mbu wanazuiwa kwa nyavu za madirisha na chandarua, na ikilazimu kupuliza, pampu ya hewa huzimwa kwanza, tangi hufunikwa kwa plastiki, pampu ya maji huendelea kuzunguka, na chumba huachwa wazi mpaka harufu iishe.

Ukishuku sumu ya aina hii, badilisha maji mengi, hata nusu ya tangi, na uweke mkaa uliowashwa nguvu kiwandani ndani ya kichujio, mahali ambapo maji yote hupita. Mkaa wa kupikia hautafaa, kwani hauna vinyweleo vinavyotosha kunasa kemikali, tena huja na majivu. Orodha ya washukiwa wengine ni fupi: sabuni iliyobaki kwenye ndoo, rangi mbichi ya ukuta, maji ya bomba yenye klorini, bawaba au skrubu inayopata kutu juu ya tangi. Mchanga wenye kina kirefu ukichimbuliwa na maji yakatoa harufu ya mayai viza, acha kuchimba mara moja, kwa sababu gesi hiyo, salfidi ya hidrojeni, huua haraka.

Kuna pia sumu inayotoka kwa wakazi wenyewe. Samaki wenye umbo la sanduku, wa jamii ya Ostraciidae, wakiogopeshwa sana au wakifa hutoa sumu kwenye ngozi inayoweza kuliangamiza tangi zima pamoja na wao wenyewe. Jongoo bahari aliyenyonywa na pampu hufanya vivyo hivyo. Ni wanyama wa kupendeza, lakini simshauri mtu kuwaweka katika tangi la chini ya lita 500.

Ugonjwa unaomaliza tangi kwa siku chache

Ugonjwa wa madoa meupe, unaosababishwa na kimelea Cryptocaryon irritans, hujulikana na wengi kwa sababu punje zake, kama za chumvi, huonekana kwa macho. Unaoua kwa ghafla zaidi ni ule wa kimelea Amyloodinium ocellatum, ambao wafugaji huufananisha na kitambaa cha mahameli kwa sababu ya utando wa vumbi la dhahabu unaouacha juu ya ngozi. Tatizo ni kwamba huanzia kwenye matamvua, na samaki wengi hufa kabla vumbi hilo halijaonekana. Kimelea kimoja kikishashiba hujidondosha mchangani, hujigawa, na kuweza kutoa watoto hadi 256 wanaoogelea kumtafuta samaki mwingine. Ndiyo maana Jumatatu unaona samaki mmoja tu akihema haraka na kukwepa mwanga, na Alhamisi tangi limebaki na kamba na konokono.

Kuugundua, zima taa zote usiku na umulike samaki kwa tochi kutoka ubavuni. Vumbi hung'aa likiwa limelala juu ya ngozi. Dalili nyingine ni kukataa chakula, kuogelea mbele ya mkondo wa pampu na kujisugua kwenye mawe. Samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wale wa jenasi ya Amphiprion, wana balaa lao la ziada, Brooklynella hostilis, linalowafunika kwa utelezi mzito na kuwaua kwa siku moja au mbili; hilo hutibiwa kwa maogesho ya formalini, na shaba hailisaidii.

Kwa Amyloodinium, hamishia samaki wote, hata wanaoonekana wazima, katika tangi la matibabu lisilo na mawe wala mchanga, lenye vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Shaba isiyofungwa na kemikali nyingine huwekwa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita, ikipandishwa taratibu kwa siku mbili na kupimwa kila siku, kwa angalau wiki mbili. Dawa za shaba iliyofungwa zina viwango vyake, nazo hufuatwa kama lebo inavyosema. Mrututu wa dukani ni shaba pia, lakini bila mizani nzuri na kipimo cha shaba ni njia ya mkato ya kuua. Shaba isitiwe kamwe kwenye tangi kuu, kwa sababu huua matumbawe, kamba na konokono, na hushikana na mawe ya chokaa. Usiichanganye na dawa za kuondoa amonia au klorini, kwani baadhi yake huifanya shaba kuwa kali zaidi.

Waganga wa samaki hutumia pia fosfeti ya klorokwini, ndugu wa vidonge vichungu ambavyo Tanzania iliviacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Ifungiwe mbali na watu: Machi 2020, mtu mmoja wa Arizona, Marekani, alifariki baada ya kumeza ile ya kusafishia tangi la samaki akidhani itamkinga na virusi vya korona.

Tangi kuu hukaa bila samaki wakati wao wako katika tangi la matibabu, ili vimelea vife kwa kukosa mwenyeji. Wiki 6 hutajwa kwa Amyloodinium, siku 76 kwa madoa meupe. Kwa kuwa mara nyingi huwezi kuapa ni kipi ulichokuwa nacho, ngoja siku 76.

Samaki mgeni na maji ya kuchota baharini

Samaki aliyekaa kwenye mfuko kwa saa nyingi, kwa mfano aliyetoka kwa wavuvi wa samaki wa mapambo wa pwani ya Kenya, amekwisha kuchafua maji yake. Pumzi yake imeshusha pH, na kwa sababu hiyo amonia iliyomo haijawa kali. Ukifungua mfuko na kuanza kudondoshea maji ya tangi kwa saa nzima, gesi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile humchoma akiwa bado ndani. Afadhali utayarishe mapema tangi la karantini lenye chumvi sawa na ya mfuko, uuache mfuko uelee dakika 15 hadi 20 kwa ajili ya joto, ufungue na kumhamisha mara moja bila maji yake. Safari fupi ya chini ya saa moja ndiyo inayofaa kudondoshea polepole. Karantini iwe ya siku 30 au zaidi, kwa kichujio cha sponji kilichokwisha kukaa kwenye tangi kuu.

Anayechota maji baharini achote wakati maji yamejaa, hasa wakati wa bamvua, mbali na bandari na midomo ya mito kama Msimbazi, na asichote katika wiki za mvua za masika, maana mvua hupunguza chumvi na kusomba uchafu wa mji. Apime chumvi palepale ufukweni, kisha maji yakae gizani yakizungushwa na pampu kwa wiki mbili au tatu kabla ya kutumika.

Chanzo kikishajulikana na amonia ikikaa sifuri kwa wiki nzima, rudisha samaki mmoja mmoja, ukiacha wiki mbili kati ya mmoja na mwingine. Kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, ambaye ndiye kila mtu anamtamani na ambaye madoa meupe humshika kabla ya wengine wote, awe wa mwisho kuingia.